Kanga na Daktari wa Simu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

Pakawa!

Ehe, sasa nimesikia. Mwenye simu aifunike kifudifudi. Mwenye mtoto amkalishe mbele. Mwenye usingizi akaoshe uso, arudi.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwapo, alikuwapo kanga. Kanga ndege, si kanga nguo. Jina lake Somoe. Msiniulize wanyama walizitoa wapi simu. Ngano haina risiti.

Huyu Somoe hakusoma alipokuwa mdogo. Kifaranga wa kanga anafundishwa kuchakura, anafundishwa kukimbia, basi. Lakini alipokuwa mtu mzima, mayai ametaga, magoti yameanza kulia, akasikia Mwalimu Nungunungu amefungua kisomo cha watu wazima nyuma ya kichuguu. Somoe akaenda. Wenzake wakamcheka.

"We Somoe, utasoma nini? Punje za mtama?"

Akaenda tu.

Mwalimu Nungunungu alikuwa na kalamu nyingi, zote mgongoni. Anachomoa moja, anaandika mchangani. Na alikuwa na namna yake ya kufundisha. Anaandika amri. Mwanafunzi anaisoma, kisha anaitenda palepale. Hapo Mwalimu anajua huyu kaelewa.

Anaandika: SIMAMA. Aliyejua anasimama.

Anaandika: RUKA. Aliyejua anaruka.

Anaandika: LETA JANI. Ngiri anakodoa macho. Fungo anajikuna. Somoe huyo! Amekwisha rudi na jani mdomoni.

"Hongera, Bi Somoe!"

"Ahsante, Mwalimu!"

Alisoma, akatenda. Alisoma, akatenda. Hakuna aliyemshinda. Mpaka njiani alikuwa anasoma. Akiokota pakiti iliyochanika, imeandikwa TIKISA KABLA YA KUNYWA, anaitikisa. Haina kitu ndani, anaitikisa. Roho yake ilikuwa nyeupe kabisa. Aliona kila neno limeandikwa na Mwalimu, na Mwalimu hadanganyi.

Sasa sikilizeni desturi ya kanga. Kanga hutaga pamoja. Majike wengi, kiota kimoja, chini ardhini, ndani ya majani marefu. Yai langu liko juu ya yai lako, yai lako liko juu ya yai la jirani. Likipotea moja, tumepotelewa wote. Kwa hiyo mahali pa kiota hapatajwi. Hapatajwi kwa kwale. Hapatajwi kwa njiwa. Hata madume wenyewe hawaambiwi. Jike akienda kutaga anazunguka huku, anazunguka kule, anajifanya anatafuta mchwa, halafu, chwa! Ameingia.

Somoe alikuwa na mwenzake, jina lake Mashavu. Wametaga pamoja tangu ujana wao. Mashavu hakwenda kisomoni. Yeye alikuwa na mdomo. Mdomo usio na kitasa. Akiona kicheche, nyika nzima inajua.

Somoe alipopata simu, kazi yake ikawa moja. Yai likitagwa, anapiga picha. Chini ya picha anaandika. "Yai la Mashavu." "Yai la Bi Chausiku." "Yai langu mimi." Anawasomea wenzake, wanapiga mabawa, pa pa pa pa!

"Somoe, soma tena la kwangu!"

"Yai la Mashavu."

"Na hilo doa la ubavuni umeliandika?"

"Doa linaonekana, shoga. Haliandikwi."

Walikuwa na furaha. Furaha ya kanga haikai sana.

Asubuhi moja Somoe kakaa kivulini, anasoma kwenye simu habari za vifaranga wasionenepa. Mashavu yuko kando anaoga vumbi. Mara, tii! Tii! Tii! Simu ikatetemeka, grrr, grrr. Kioo chote kikawa chekundu.

Somoe akaruka nyuma. Manyoya yakamsimama. Akarudi polepole, akasoma kwa sauti.

"HA-TA-RI! Hatari! SIMU YAKO INA VIRUSI KUMI NA TATU! PICHA ZAKO ZOTE ZITAFUTIKA! BONYEZA HAPA SASA HIVI UMWITE DAKTARI WA SIMU!"

Na chini namba zinashuka. Sitini. Hamsini na tisa. Hamsini na nane.

"Mashavu! Uwiii! Mashavu!"

"Nini tena wewe?"

"Simu yangu inaumwa!"

"Inaumwa wapi?"

"Ndani!"

"Imekwambia yenyewe?"

"Imeandika! Ona, imeandika! Ina wadudu kumi na tatu!"

Mashavu akachungulia. Akaona wekundu tu. "Mbona inanitisha mimi nisiyejua kusoma?"

"Kwa sababu ni hatari! Nyamaza, nisije nikachelewa!"

Moyo wa Somoe ukawa unapiga, du, du, du. Picha! Picha za mayai, na maneno yake chini, kayaandika kwa ukucha wake mwenyewe! Hamsini. Arobaini na tisa. Imeandikwa BONYEZA. Akabonyeza.

Simu ikauliza: DAKTARI AONE PICHA ZAKO? Chini imeandikwa RUHUSU. Akaruhusu.

DAKTARI ATUMIE KAMERA? RUHUSU. Akaruhusu.

DAKTARI AJUE MAHALI ULIPO? Hapo Somoe akasita kidogo. Akajiambia, daktari gani atamtibu mgonjwa bila kujua yuko wapi? Akaruhusu.

Alisoma, akatenda. Alisoma, akatenda.

Ule wekundu ukatoweka. Ikaja tiki ya kijani. SIMU YAKO IMEPONA. Somoe akakaa chini, akahema.

"Umeona, Mashavu? Umeona faida ya kusoma? Ningekuwa kama wewe, simu ingenifia mikononi."

"Kweli, mwenzangu," Mashavu akasema. "Mimi ningeitupa majini."

Siku ile, juu kabisa ya kioo, kulikuwa na mstari mdogo wa kijivu. Maandishi membamba kama miguu ya sisimizi. Somoe aliuona. Hakuusoma. Mwalimu akiwa na jambo la maana anaandika kwa herufi kubwa. Akaufagia kwa ukucha, fyu, kama anafagia vumbi.

Basi. Kulipokucha, kanga wakaenda kunywa maji. Waliporudi, Bi Chausiku akatangulia kuingia kutaga. Akazunguka huku, akazunguka kule, akaingia. Kimya.

Kisha wakasikia, "Kekekekekeee! Kekekekekeee!"

Wakakimbia wote. Jamani! Kiota kimejaa maganda. Maganda matupu! Ute unametameta juu ya majani. Halikubaki hata moja. Na mchangani kuna mstari umepita, unakwenda na kukunja, unakwenda na kukunja, kama mtu kaburuta kamba. Kila kanga anaujua mstari ule. Mkia wa Kenge.

Mayai ya majike wote, kazi ya majira mazima, yako tumboni mwa Kenge.

"Kenge hapajui hapa," Bi Chausiku akasema. "Tangu bibi yetu, Kenge hapajui. Kaambiwa. Nani kasema?"

Wote wakaanza. Nani kasema? Nani kasema? Nani kasema?

Somoe akafungua mdomo, na neno likatoka kabla hajalipima.

"Mimi nasoma. Anayesoma hasemi ovyo. Mwenye mdomo usio na kitasa tunamjua sote."

Shingo zote zikageuka. Zikamtazama Mashavu.

Mashavu hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowashangaza. Alimtazama Somoe tu.

"Somoe. Wewe? Wewe ndiye unasema hivyo?"

Somoe akaangalia chini.

"Haya," Mashavu akasema. "Nitatagia peke yangu."

Akaondoka. Akapita katikati yao, akaingia majanini, akapotea.

Waliobaki wakatafuta mahali papya, mbali, upande wa pili wa kilima. Wakaapa kwa manyoya yao. Wakataga, Somoe akapiga picha, akaandika chini: "Yai la Bi Chausiku. Yai langu mimi." Mayai yakaongezeka, yakaongezeka. Majike wakaanza kuatamia kwa zamu.

Siku moja aliyekuwa zamu akatoka kidogo kwenda kunywa maji. Kurudi, maganda!

Maganda tena! Mchanga tena! Mstari tena, unakwenda na kukunja!

Safari hii hakuna aliyeuliza nani kasema. Walitazamana. Mashavu hakuwapo. Mashavu hakupajua hapa. Mashavu hata hakujua kama wamevuka kilima. Somoe akajiuliza. Kamfukuza nani? Kamfukuza kwa kosa gani?

Hakumuaga mtu. Akaibana simu chini ya bawa, akaenda kumtafuta mwenzake.

Akatembea. Akavuka korongo. Pale korongoni siafu walikuwa wanapita, mstari mweusi mnene, wanachemka kama uji. Akaruka juu yao. Akatembea tena. Akafuata unyayo mmoja, unyayo wa kanga anayetembea peke yake, mpaka kwenye majani marefu chini ya mgunga. Mara kichwa kikachomoza.

"Simama hapohapo."

Somoe akasimama.

"Umekuja kunisomea mashitaka mengine?"

"Mashavu, Kenge kala tena. Kiota cha pili. Na wewe hukuwapo."

"Kumbe."

"Nimekosa, Mashavu. Nimekukosea."

Mashavu alikuwa kaatamia. Hakuinuka. Chini yake kukasikika sauti ndogo ndani ya yai. Chwi. Chwi. Somoe akasahau yote.

"Wanatoka!"

"Leo au kesho," Mashavu akasema. "Hawa ndio pekee waliobaki nyika hii. Kwa hiyo punguza sauti."

Hajamaliza kusema, tii! Tii! Tii! Grrr! Chini ya bawa la Somoe simu imewaka nyekundu. Akaitoa haraka, akaanza kusoma, ulimi unakimbia.

"HATARI! VIRUSI KUMI NA TATU VIMERUDI! BONYEZA HAPA..."

"Ngoja," Mashavu akasema. "Ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Juzi nilipita kule kisomoni kuchakura. Simu ya Mwalimu ikalia hivyohivyo, nyekundu hivyohivyo. Akasoma kwa sauti: kumi na tatu. Akacheka mpaka miba ikalia. Akafunga ukurasa wote, akaendelea kula muhogo wake. Simu yake nzima mpaka leo. Kumi na tatu kwake, kumi na tatu kwako. Hao wadudu wanagawiwa kwa zamu?"

"Lakini imeandikwa!"

"Somoe, mimi sijui kusoma. Lakini kupiga kelele najua. Nikimwona kicheche nasema nini?"

"Unasema tukimbie."

"Nasema kimbieni! Umewahi kunisikia nikisema, 'Kicheche huyu hapa, njooni karibu, na mnionyeshe mayai yenu'?"

Ukucha wa Somoe ulikuwa hewani, juu ya ule wekundu.

"Hiyo inakwambia kimbia," Mashavu akauliza, "au inakwambia njoo?"

"Inasema njoo," Somoe akasema. "Mara zote imesema njoo. Imesema nionyeshe."

Akaushusha ukucha. Akafunga ukurasa wote. Tii ikakatika, wekundu ukaondoka, wala hakuna picha iliyofutika. Na hapo, juu kabisa ya kioo, kikabaki kile kimstari cha kijivu, chembamba kama miguu ya sisimizi. Safari hii hakukifagia. Akainama. Akakisoma silabi kwa silabi.

"Da-kta-ri wa Si-mu. Daktari wa Simu a-na... anaona... ma-ha-li... u-li-po."

Akasoma tena.

"Daktari wa Simu anaona mahali ulipo."

Jamani! Mahali ulipo. Alikaa kiotani na simu, kiota kikaliwa. Akakaa kiota cha pili na simu, kikaliwa. Na sasa yuko wapi? Kasimama wapi? Na simu iko wapi?

"Mashavu," akanong'ona. "Nani kasema? Ni mimi. Mimi nimesema. Na sasa hivi nasema."

Mashavu akatazama simu. Akatazama mayai. Yai lenye doa ubavuni lilikuwa na ufa. Yai halibebwi. Kifaranga mwenye unyevu hawezi kukimbia.

"Basi usisimame hapa!" Mashavu akasema. "Nenda! Iondoe!"

Somoe akaibana simu, huyoo! Kanga akikimbia, miguu haionekani. Akapasua majani, pa pa pa pa! Achague wapi pa kwenda? Akakumbuka wale wanaochemka kama uji. Akafika korongoni. Akajipenyeza kati ya mawe, siafu wakamuuma vidole, akavumilia. Akaiweka simu chini, kioo juu, katikati ya njia yao. Ilikuwa na picha zake zote. Ilikuwa na kila neno aliloandika. Akaiacha. Akaruka juu ya tawi la mti ulioinamia pale.

Akangoja.

Haukupita muda. Majani yakasema, shwa, shwa, shwa. Mkia unakwenda na kukunja. Kenge huyo! Ulimi nje, ulimi ndani. Mkononi ana simu yake, anaitazama, anatembea. Anaitazama, anatembea.

Somoe juu ya tawi akatazama chini kwenye kioo cha Kenge. Akaona mti. Akaona tawi. Juu ya tawi akaona kanga, kainamisha shingo, kakodoa macho.

Ni yeye. Kamera aliyoiruhusu inamtazama kutoka chini, na yeye mwenyewe, Somoe, yuko ndani ya kiganja cha Kenge!

Kenge akainua kichwa. Akatabasamu.

"Hujambo, Bi Somoe. Simu imepona?"

"Unanijua jina?"

"Jina lako najua. Viota vyenu najua. Yai la Bi Chausiku lilikuwa tamu. Yai la Mashavu lina doa ubavuni, sivyo? Picha umenionyesha mwenyewe, na jina ukaandika chini. Mwandiko mzuri, hongera."

"Wewe ndiye Daktari?"

Kenge akacheka, khe, khe, khe. "Simu yako ilikuwa nzima, bibi wee. Haikuwa na mdudu hata mmoja. Mdudu ulimwingiza wewe. Mdudu ndiye mimi. Nilipiga kelele mlangoni, ukanifungulia, ukanionyesha chumba hadi chumba. Haya, niambie. Mayai yako wapi? Simu inasema yako hapahapa."

Akapiga hatua. Akapiga hatua nyingine. Macho kwenye kioo tu. Hakutazama chini.

Wahenga husema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Siku ile alisikia! Siafu waliingia vidoleni, wakapanda miguuni, wakaingia chini ya magamba, wakafika masikioni. Kenge akapiga yowe. Akajibiringisha, bwata! Bwata! Akajipiga mkia mwenyewe. Akakimbilia mtoni, chubwi! Simu yake chubwi. Maji yakambeba, anageuka, anageuka, mpaka akapotea kwenye kona. Upande ule hajaonekana tena.

Somoe alishuka mkono mtupu. Alitembea taratibu, akarudi kwenye mgunga. Alisimama mbali kidogo, hakuthubutu kusogea.

"Kaenda," akasema. "Na simu nimeiacha kwa siafu."

Mashavu akajiweka sawa juu ya mayai.

"Nilikusingizia mbele ya watu wote, Mashavu. Na aliyetoa siri ni mimi. Nitawaambia wote, mmoja mmoja. Nisamehe."

"Samahani yako nimeisikia," Mashavu akasema. "Kuipokea bado. Moyo wangu bado una ganda."

Somoe akainamisha kichwa. Akageuka aende zake.

"Unakwenda wapi?" Mashavu akauliza.

Somoe akasimama.

Mashavu akainuka. Polepole, kwa miguu iliyokufa ganzi. Chini yake mayai yalikuwa wazi, yanalia chwi, chwi, na lile lenye doa limekwisha toboka, mdomo mdogo umechungulia.

"Tangu jana sijanywa maji," Mashavu akasema. "Njoo uatamie. Na usitikisike."

Somoe akaja. Akakunja miguu yake inayolia, akashuka taratibu, akasikia joto la mayai likimgusa kifuani. Mashavu akaenda mtoni. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya. Simu ikilia, ikawaka nyekundu, ikakuhesabia wadudu na kukuharakisha, usibonyeze. Tulia. Funga ukurasa wote. Ukiwa umekwisha bonyeza, mtafute mnayeaminiana anayejua, mkiondoe ulichokiingiza. Kusoma ni kuzuri, someni, someni sana. Lakini neno kuandikwa si kusema ni kweli. Anayekuonya kwa nia njema anakwambia kimbia. Anayekwambia njoo unifungulie, huyo ndiye hatari yenyewe.

Hadithi yangu inakomea hapo. Uongo wake niachieni mimi, ukweli wake nendeni nao nyumbani.